Moto Ule Haukutoka kwenye Garimoshi la Deo

Louisville, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Shikamoo na Baba pia, ambaye najua amefumba macho kitini akijifanya amelala, kumbe anasikiliza kila neno unalomsomea. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokutumia Mama Mdogo bado ipo, au umeshaigawa mtaa mzima kama kawaida yako? Kikohozi cha Baba kimepungua? Na mvua, zimefika Tabora, au bado mnatazama mawingu yanapita kwenda kwa wengine?

Sisi huku ni wazima kabisa. Deo ni mzima, yuko huru, hajafungwa, hajafukuzwa nchi, na hakuchoma shamba la mtu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi. Ulipopiga simu juzi mlikuwa mnaongea watu sita kwa wakati mmoja, na nyuma yenu nikamsikia Shangazi Paulina akiuliza, "Kwani amehukumiwa miaka mingapi?" Hapo nikaona simu haitatosha. Rafiki yake Mama Mdogo anakuja Tanzania wiki ijayo kutokea Columbus, ndiye nitakayempa barua hii pamoja na picha za harusi. Zitazame taratibu, Mama. Ile ambayo Deo ananitazama mimi badala ya kumtazama mpiga picha ndiyo niipendayo kuliko zote. Mpiga picha alimwambia mara tatu, "Bwana harusi, huku!" naye akawa kama hasikii.

Mama, ndoa ni tamu! Nilikuwa nadhani watu wanatia chumvi. Deo ananikatia vitunguu ili nisitoe machozi. Akienda kazini kule ghalani anakopakia vifurushi, ananiachia kikaratasi chini ya kikombe, na kila siku maneno ni mengine. Jumanne aliandika, "Tabi, leo nitakuwaza kuanzia mlangoni." Nimevitunza vyote kwenye kopo la maziwa. Nilipokuwa Columbus kwa Mama Mdogo nilikuwa na duka la Kiafrika kila nikigeuka, dagaa, unga wa muhogo, mchicha, vyote palepale Morse Road, na nililia kidogo kuondoka. Huku Louisville duka la mchicha ni mabasi mawili. Lakini nikirudi nyumbani nakuta buti za Deo mlangoni, moyo unaruka kama wa msichana wa sekondari.

Sasa niwaeleze habari ya moto tangu mwanzo, maana Baba atauliza maswali na ni bora majibu yawemo humuhumu.

Nje ya mji huu kuna reli ya zamani ambayo haisafirishi tena mizigo wala abiria wa kweli. Watu wanaopenda mambo ya kale waliifufua. Wana garimoshi lenyewe hasa, Baba, injini ya mvuke inayokula makaa ya mawe, na mabehewa ya mbao yaliyong'arishwa. Jumamosi na Jumapili watu wenye magari ya kila aina wanakuja kukata tiketi, wanapanda, wanakwenda mwendo wa baiskeli mpaka kijiji cha pili, halafu wanarudi walikotoka. Najua unacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipoisikia ile filimbi, nikakumbuka simulizi zote za Baba za karakana ya reli, machozi yakanitoka mbele za watu.

Wengi wa wanaoiendesha ni watu wa kujitolea, na Deo ni mmoja wao. Babu yake alikuwa mtia makaa kwenye reli ya Kalemie kule Kongo, na Deo tangu utotoni, hata walipokuwa kambi ya wakimbizi Kasulu, alikuwa akimwambia mama yake kwamba naye siku moja atalisha injini. Mkuu wa reli alikuwa amemwahidi kwamba majani yakianza kupukutika watamchukua rasmi kuwa mtia makaa mwanafunzi, kazi ya kweli, si ya kujitolea tena. Alivyonipa habari hiyo alininyanyua juu jikoni mpaka kichwa changu kikagonga taa.

Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Injini ya mvuke hutema cheche, Baba anajua, zinatokea kwenye bomba la moshi na nyingine kwenye sanduku la majivu huko chini. Wameweka wavu wa chuma wa kuzuia cheche, lakini wavu hauzuii yote, na majira haya ya joto nyasi za huku zinakauka kama karatasi. Kwa hiyo dakika kumi baada ya garimoshi kupita, kiberenge kinafuata nyuma polepole na pipa la maji, makoleo na vipigio vya mpira. Ndani wamo Deo na Mzee Earl, mstaafu mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani. Wakiona moshi hata wa saizi ya sigara wanashuka na kuuzima. Wakifika mwisho, Deo anaandika kwenye daftari: saa ngapi, kilomita ya ngapi, upepo unatoka wapi, wamekuta nini. Hilo daftari analiandika kwa mwandiko mzuri kuliko alioutumia kuniandikia mimi barua za uchumba.

Jumamosi ile ya moto, mimi na Mama Furaha, yule mke wa mchungaji wetu, tulikwenda kuwaona. Kuna kiwanja cha kupumzikia kwenye kona ya reli ambapo kiberenge husimama saa ya chakula. Upande mmoja ni reli, upande wa pili kuna uzio, na nyuma ya uzio shamba la nyasi la mzee anayeitwa Harlan, linalofika mpaka barabara ya lami. Nilikuwa nimebeba jiko langu la mkaa, lile nililolinunua Columbus. Mama Furaha aliniambia kuna majiko ya chuma yaliyojengwa palepale kwa ajili ya wageni, lakini mimi nikasema mke mpya hampelekei mumewe chakula kilichopashwa. Nilitaka mishikaki itoke motoni iingie mkononi mwake. Basi nikawasha, nikachoma mishikaki na ndizi, na kiberenge kilipofika Deo alikula akiwa amesimama, Mzee Earl naye akala mitano akasema kwao hawajui nyama.

Walipoondoka nikazima jiko langu kama ulivyonifundisha, Mama. Nilimwaga mkaa chini karibu na uzio, nikanyunyiza maji kwa mkono, nikaokota vipande vizuri nikavirudisha kwenye mfuko kwa ajili ya siku nyingine, nikayaacha majivu pale. Nilinyunyiza, Mama. Kwa vidole. Kama tunavyonyunyiza uani kwetu kwenye udongo mtupu ambako hakuna hata jani moja.

Garimoshi lilirudi, likapita, likapiga filimbi. Baada ya kitambo, sisi tukiwa tumeshafika stesheni na kuanza kukunja vitenge, tukaona moshi mkubwa upande wa shamba la Harlan. Mama, nyasi zikishika moto huku na upepo ukiwepo, ni kama mtu anavuta shuka jekundu kitandani. Deo na Mzee Earl walirudi mbio na kiberenge na ndio waliokuwa wa kwanza kufika. Magari ya zimamoto yakaja, wakauzima. Hakuna mtu aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini nusu ya shamba iliungua pamoja na marobota ya majani makavu ambayo Harlan alikuwa ameyafunga kwa ajili ya ng'ombe wake majira ya baridi.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita barabarani karibu na stesheni alipiga video. Ndiyo hiyo mliyoiona. Mbele garimoshi limesimama stesheni likitoa moshi mweusi, nyuma kwa mbali shamba likiwaka. Nani atakayeangalia picha ile akafikiria kitu kingine? Ilizunguka mji mzima siku ileile, na kesho yake ilikuwa kwenye kundi letu la familia, binamu yangu akiwa ameandika, "Shemeji kaunguza Marekani!" na vicheko kumi. Hakujua mimi nilikuwa nimekaa bafuni nalia.

Watu walikasirika. Mmoja akasema garimoshi ni mchezo wa wazee utakaokuja kuua watoto. Mwingine akasema kila akiliona tu anasikia harufu ya kuungua. Wakaitisha mkutano wa wilaya ili waamue kama injini ile iendelee kuwashwa au ifungwe moja kwa moja. Na kwa kuwa anayefuata nyuma kuhakikisha hakuna moto ni Deo, lawama ikashuka ikamkalia yeye. Mkuu wa reli alimwita kwa upole akamwambia asije mpaka uchunguzi uishe, na ile habari ya kuwa mtia makaa isimame kwanza. Kule ghalani wakaanza kumwita Kiberiti.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Buffalo. Unakumbuka nilivyokusimulia, tulipokwenda kumwamkia baada ya harusi alivua kitenge chake mwenyewe akanifunga kiunoni akasema, "Huyu ni wangu." Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, "Binti yangu, tulikimbia moto Kalemie. Sasa moto umetufuata mpaka huku?" Nikasema mtandao unakatika, nikazima simu.

Maana, Mama, wote walikuwa wanatazama garimoshi, na mimi peke yangu nilikuwa nayafikiria majivu yangu pale chini ya uzio.

Nilimwambia Mama Furaha. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaniambia kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu ndani ya gari lake, "Bibi harusi, hilo lifunge hapo hapo. Garimoshi ni la Wazungu, watalimaliza wenyewe. Ukisema ni wewe, watasema ni sisi. Kesho kila Mwafrika mwenye jiko atakuwa mchoma mashamba."

"Na Deo?" nikamuuliza.

"Deo ni mwanamume. Atapata kazi nyingine."

Nilinyamaza siku nne. Deo akitoka kazini alikaa tu, akala kidogo, akapaka buti zake rangi ilhali hana pa kuzivaa. Jumatano asubuhi, Deo akijiandaa kwenda kazini, nikanyanyua kikombe changu, chini yake hapakuwa na kikaratasi. Hapo ndipo nilipovunjika. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama na birika mkononi.

Unajua anavyoongea, Kiswahili cha Kalemie kilichopitia Kasulu, na Kifaransa kidogo ndani yake. Akaniuliza, "Ulimwanga maji?"

"Nilinyunyiza."

"Ulinyunyiza namna gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akafunga macho.

"Juu ya nini haukuniambia, Tabi?"

"Niliogopa watanifukuza nchi. Niliogopa utaniacha."

"Bon," akasema, akasimama, akachukua kofia yake. "Vaa viatu. Tunaenda kwa ule mama wa zimamoto. Kama iko majivu yetu, donc iko majivu yetu."

Yetu, Mama! Hakusema yako. Nilishusha birika nikalia upya, lakini kilio kingine kabisa.

Mkaguzi wa moto ni mama mfupi mwenye buti kubwa na sauti ya mwalimu mkuu. Nilimweleza kwa Kiingereza changu, kila nikikwama Deo akanisaidia. Hakunikatiza hata mara moja. Mwisho akauliza kitu kimoja tu, "Unaweza kunionyesha mahali penyewe?" Tukaenda kwa gari lake, mimi nimekaa nyuma nimemshika Deo mkono kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Majivu yalikuwepo palepale. Akapiga magoti, akayafukua kwa kisu, akavuta nyasi moja kutoka chini yake akanionyesha mzizi. Ulikuwa mweupe, mbichi.

"Hapa hapajaungua," akasema. "Majivu yako yalifia hapahapa yalipolala."

Nilitaka kumkumbatia, akanyoosha kidole. "Ngoja. Ulibahatika, hukufanya vizuri. Siku nyingine unamwaga maji mpaka mkaa uelee, unakoroga, unamwaga tena, halafu unaweka mgongo wa mkono wako juu yake. Usipoweza kuacha mkono hapo, hujazima." Nikasema ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka Deo akanibana kiwiko.

Kisha mkaguzi akavuka uzio akaingia kwenye ile sehemu nyeusi. Alikaa amechuchumaa kwa muda akitazama mabua yaliyobaki, mafupi kama ndevu zilizonyolewa vibaya. Akatuita.

"Mnaona yameangukia upande gani? Moto ukija, unalila bua upande unaoutazama moto, na bua linaangukia hukohuko moto ulikotoka." Akaonyesha kwa mkono wote. Mabua yote yalikuwa yamelala kuelekea barabarani. Hakuna hata moja lililoelekea reli wala majivu yangu.

Akatembea mpaka barabara ya lami, sisi nyuma yake, akaanza kufuata ukingo wake akiwa ameinama. Kwenye lami palikuwa na mikwaruzo myembamba myeupe, inaanza, inakatika, inaanza tena. Na kila baada ya hatua nyingi, pembeni kwenye nyasi, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa mkeka, lililowaka likazimika lenyewe. Tulikuta madoa manne. La tano ndilo lililokuwa shamba la Harlan.

"Mnyororo wa trela," mkaguzi akasema. "Mtu aliunganisha trela vibaya, mnyororo ukawa unaburuzika. Chuma na lami. Huenda mwenyewe mpaka leo hajui."

Deo akauliza taratibu, "Kwa hiyo si majivu?"

"Si majivu."

"Na si garimoshi?"

"Nilisoma daftari lako. Uliandika upepo unatoka barabarani, na kwamba kwenye kona ile hukukuta kitu. Hukukuta kitu kwa sababu moto ulikuwa bado haujafika kwenu. Nilipaswa kulisoma kabla ya kusikiliza watu. Nililetewa mashahidi kumi na mmoja na wote walinielekeza relini, basi nami nikaanzia relini. Siku nne nzima nimetembea upande wa reli." Akakung'uta masizi magotini. "Mnyororo hauna filimbi wala bomba la moshi. Hakuna anayeuangalia."

Deo alikaa chini palepale kando ya barabara, akaweka kofia usoni. Mabega yalikuwa yanatikisika, nami sikujua kama anacheka au analia, nikakaa karibu naye nikafanya yote mawili.

Mkutano ulikuwa Jumatatu jioni. Ukumbi ulijaa. Mama Furaha alikuja pia, amejifunika mtandio mpaka puani. Mkaguzi alionyesha picha za mabua na za lami, akaeleza kama alivyotueleza sisi, akataja pia bila kuficha kwamba "jiko la mkaa la kinamama wa kanisa lilikaguliwa na halikuhusika." Vichwa vyote viligeuka kututazama. Mama Furaha akazama kitini.

Mwanamke mmoja akasimama akasema, "Lakini sisi tuliona moshi kwa macho yetu!"

"Mliona moshi wa garimoshi," mkaguzi akamjibu. "Na mkaona moto. Vyote viwili ni kweli."

Halafu akasimama Harlan mwenyewe, mzee mrefu mwembamba, na mimi nikaanza kusali kwa sababu ndiye aliyekuwa amepata hasara, na neno lake lingeweza kuufunga ule mkutano kwa upande wowote. Akageuka akanitazama mimi.

"Wewe ndiye mwenye jiko?"

"Ndiyo, mzee."

"Mlikuwa mnapika nini?"

Nikamwambia, nyama ya ng'ombe kwenye vijiti.

"Harufu ilinifika zizini," akasema. "Nikashindwa kufanya kazi." Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Moshi wa garimoshi lenu bado siupendi. Unachafua mashuka ya mke wangu."

"Mke wako anatumia mashine ya kukaushia, Harlan!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Basi unanichafua mimi. Lakini kijana huyu," akamwonyesha Deo, "ndiye aliyefika shambani kwangu kabla ya zimamoto, akipiga moto kwa mpira na shati lake likiwa limetoboka kwa cheche. Mtu aliyewasha moto hauendei hivyo. Nilimwona, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Hilo nalo mliandike."

Kisha akakaa. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono na garimoshi likashinda, ingawa si kwa mikono yote. Wameweka masharti: siku za ukame na upepo mkali mabehewa yatavutwa na injini ya dizeli, nyasi za kando zifyekwe upana mara mbili, na viberenge viwe viwili. Deo anasema masharti ni mazuri, yangekuwepo zamani. Nje ya ukumbi Mama Furaha akaniambia kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, "Si nilikwambia, useme ukweli?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nampenda hivyohivyo.

Sitakudanganya kwamba kila mtu ameamini. Ile video bado inazunguka, maana hakuna aliyepiga video ya mabua. Na jana, siku ya kwanza ya Deo kupanda injini kama mtia makaa (ndiyo Mama, mkuu wa reli hakungoja majani yapukutike, amepanda, amepanda!), injini ilitoa mvuke mweupe pale stesheni kama inavyofanya siku zote, mtu mmoja barabarani akaupigia simu ya dharura akisema garimoshi linaungua. Zimamoto wakaja na king'ora. Walishuka, wakautazama mvuke, wakautazama uso wa Deo uliokuwa mweusi mpaka meno yanawaka, wakaomba kahawa. Yule mkuu wao akasema afadhali waje mara kumi bure kuliko wachelewe mara moja.

Mimi nilikuwa nimesimama jukwaani pale stesheni na gauni langu la sherehe ya kuagwa. Alivyofungua mlango wa tanuri na kutupa koleo la kwanza la makaa, aligeuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale. Mwambie Baba alitupa vizuri, pembeni kwanza kisha katikati, kama Baba alivyokuwa akituonyesha kwa kijiko na sinia la ugali. Nilimpigia mama mkwe Buffalo palepale ili aisikie filimbi. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, simu ikakatika.

Naomba unisalimie Baba, na mwambie wavu wa cheche wa injini hii ni wa matundu madogo, nilikwenda kuutazama kwa ajili yake. Msalimie mdogo wangu Yosia, afanye hesabu aache mpira. Salamu kwa Babu mrina asali kule Sikonge, na kwa mjomba fundi cherehani aliyenishonea gauni bila kuniona na likanikaa. Kwa binamu yangu wa kwenye kundi, salamu zake zipo, lakini kwanza afute yale maneno yake. Kwa Shangazi Paulina, mkunga wetu, mwambie hakuna hukumu, hakuna miaka, na kitu pekee alichofungwa Deo ni pete. Mama Mdogo wa Columbus anakusalimu na anasema umtumie karanga.

Usilale na mawazo leo, Mama. Lala kabisa. Sisi tuko salama na tunakupenda.

Ni mimi binti yenu,
Tabitha, mke wa mtia makaa, ambaye dakika hii ananiita nikamtoe masizi masikioni.